Nyumba Ndogo ya Mfalme Asiye na Nyumba Ndogo

Palikuwa na nchi, na kama haikuwapo basi iliwahi kudhaniwa, huko Ulaya kwenye baridi, karne ile ya kofia ndefu na magari ya farasi. Jina lake nalihifadhi. Si kwamba naogopa. Ni kwamba nina watoto wanasoma. Nchi yenyewe ilikuwa ndogo, mtu mwenye farasi mzuri angeweza kuivuka kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, lakini ilikuwa na mawaziri thelathini na wanne, na wote walilalamika kazi ni nyingi.

Katiba ya nchi hiyo ilisema waziwazi kwamba Mfalme ni mume mwaminifu. Haikusema awe, ilisema ni. Tangu siku ya kutawazwa, basi, Mfalme alikuwa mwaminifu kisheria, atake asitake, na kumshuku kulikuwa kosa la kwenda jela. Sasa upande wa pili kulikuwa na mila. Kila mfalme wa jirani alikuwa na hawara, na mabalozi wakija walikuwa wakichunguliachungulia, na wasipoona dalili za nyumba ndogo waliandika makwao kwamba mfalme wa huku ni mgonjwa, wakati wa kuvamia ndio huu. Ikabidi hawara awepo kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na asiwepo kwa ajili ya katiba. Wataalamu wakakaa kikao miaka mitatu, kikaahirishwa mara kumi na moja kwa sababu ukumbi ulikosa kuni, mwishowe wakatoka na mwafaka: atakuwepo, ila hataonekana.

Ndipo ikaundwa Idara ya Mambo Yasiyokuwepo, yenye wafanyakazi arobaini na watatu, bendera yake, na kaulimbiu iliyochongwa juu ya mlango: Asiyekuwepo na lake halipo. Na ndipo ikaja itifaki ya ukuta. Hawara akipita katika ujia wowote wa kasri, kila mtu, kuanzia mfagizi hadi askofu, anageukia ukuta mpaka apite. Akisema neno, huo ni upepo. Na mtu mwenye adabu akisikia upepo mgongoni hujifunika shali. Wageni waliofika kasri lile kiangazi, jua likiwachoma, walistaajabu kukuta majenerali wamejitanda shali za sufu. Waliambiwa nchi ina upepo, wakaridhika.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja, Otilia Brendeli, mtoto wa pekee wa fundi wa matandiko ya farasi, Mzee Gaspari. Mama yake alikufa mapema, akakulia karakanani, akajua kukata ngozi na kushona mshono usiofumuka. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alipozungumza na mtu, alimtazama usoni.

Siku moja Mfalme Rodobaldi wa Tano alikuja mwenyewe dukani, ana hasira, tandiko jipya linambana. Mzee Gaspari alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia sakafu, kwa hiyo aliyejibu ni Otilia. Alilikagua tandiko, akamkagua Mfalme, akasema tandiko halina ubaya, ni Mfalme ndiye aliyeongezeka. Waliofuatana naye walisubiri ngurumo. Mfalme akacheka mpaka akakaa chini. Masikini, ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa jambo la kweli tangu mwalimu wake wa hesabu afukuzwe.

Wiki haikuisha, watu watatu wa Idara wakabisha hodi. Otilia akapelekwa kwenye usaili. Waliomsaili walikuwa saba, wamekaa mstari mmoja, nyuso ukutani, wakimuuliza maswali kwa visogo. Anaweza kupanda ngazi za nyuma bila kupiga kelele? Anaweza. Ana ndugu anayeandika magazetini? Hana. Swali la mwisho likawa: je, wewe upo? Akajibu ndiyo. Wakanong'onezana, wakamshauri afikirie tena, wakampa glasi ya maji.

Mzee Gaspari, ambaye uchungu ulimpa ujasiri, aliuliza kama binti yake anaweza kukataa. Alijibiwa kwa upole kwamba bila shaka, hii ni nchi huru, na fomu ya kukataa ipo, imepigwa chapa vizuri. Hutolewa kwa hawara mwenyewe mara tu baada ya kuapishwa. Otilia akaapishwa. Alipoomba fomu, aliambiwa fomu hupewa watu waliopo.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Idara haikutaka uchafu, na mwanamke asiye na mume kuonana faragha na mwanamume ni uchafu. Kwa hiyo akatafutiwa mume. Alikuwa Kapteni Emeriki, mtu mzima mwenye masharubu meupe na goti bovu. Askofu aliwafungisha ndoa kanisani asubuhi, akawahubiria juu ya uaminifu kwa muda wa saa nzima, na baada ya misa Kapteni akavishwa nishani na kupelekwa mpakani kuhesabu korongo. Walikaa pamoja dakika kumi na moja, yeye na mkewe, ndani ya gari la farasi. Kapteni alimwomba radhi. Aliwahesabu wale korongo kwa uaminifu miaka kumi na minane, na kila mwaka alituma taarifa, na hakuna aliyewahi kuifungua.

Watu wanadhani maisha ya nyumba ndogo ni mahaba na marashi. Otilia angekwambia mengi yalikuwa ni magoti ya Mfalme. Jumanne na Ijumaa, saa tisa alasiri, alipita ujia wa kwanza, wa pili na wa tatu, katikati ya migongo. Mfalme alimpokea, akamweleza jinsi goti la kushoto lilivyolala, kisha la kulia, kisha habari za ndege aliowawinda, kisha akasinzia. Saa kumi na nusu Otilia alirudi kwa njia ileile, kati ya migongo ileile. Hakuwa mtu mbaya, Rodobaldi. Alikuwa kama mtoto aliyenyimwa usingizi wa mchana. Na katika kasri zima ni yeye tu aliyemtazama, basi Otilia akajikuta anaingoja Jumanne, akajichukia kwa kuingoja.

Chumbani alikuwa na mtumishi wake, Bi Agata, mama wa makamo aliyekula kiapo cha Idara na akakishika. Alimchana nywele kila asubuhi huku ameelekea dirishani, akipapasa. Nywele zikawa zinalala upande, na njia ya kugawa nywele imepita sikioni. Mabibi wa mjini, ambao hawakupata kumwona Otilia hata siku moja, walipata habari kwa siri ya nywele zake, na mwaka haukuisha mji mzima ulikuwa umelaza nywele upande. Waziri wa Elimu alikemea mtindo huo bungeni. Mkewe alikuwa amekaa juu, kwenye viti vya wageni, kichwa kimelala upande.

Na waombaji je? Wacha nikwambie, ujia wa pili ulikuwa unajaa kuliko ofisi ya mkuu wa wilaya siku ya malalamiko. Wenye shida zao waliwahi alfajiri kushika nafasi ukutani, na Otilia akipita, kila mgongo ulizungumza na plasta. "Kama kuna mtu asiyekuwepo anapita hapa," ndivyo walivyoanza wote, maana itifaki ilitaka hivyo, "namwomba amkumbushe Mfalme juu ya kesi ya shamba la mdogo wangu." Askofu naye alikuwepo, kila Ijumaa, anaomba paa la kanisa kuu. Jumapili alipanda mimbari kuwalaani wanawake wa aina fulani, chini ya paa hilohilo, ambalo Otilia ndiye aliyelipata.

Mwaka wa pili Otilia akapata mimba.

Idara ikakaa kikao cha dharura. Mkuu wa Idara, Baroni Hasselbranti, alikuwa mtu msafi, mwembamba, mwenye sauti ya padri, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuwahi kumtukana mtu. Alikuja chumbani kwa Otilia siku ile mtoto alipozaliwa, akasimama akiutazama ukuta, na baada ya kumpongeza Mtukufu Asiyekuwepo kwa jambo ambalo halikutokea, akaeleza utaratibu. Watoto wa namna hii hupelekwa katika Nyumba ya Mayatima wa Heshima, pale kilimani nyuma ya kasri. Otilia akasema mtoto huyu si yatima, ana baba na ana mama, na mama mwenyewe ndiye huyu anavuja maziwa. Baroni akakubali kwamba hilo ni gumu. Ndiyo maana, akasema, wakaongeza neno heshima.

Walimchukua mtoto siku ya tatu. Otilia alikuwa amempa jina, Ludmila, la marehemu mama yake, Mila kwa kufupisha, na alikuwa amemshika mguu, kile kimguu kidogo ambacho hakijakanyaga kitu, na hakutaka kukiachia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Baroni aliujua kwa kusoma. Akamuahidi, uso ukutani, kwamba siku atakayostaafu atamwona mwanawe, amtazame na atazamwe. Otilia akamwachia mguu. Kuanzia siku hiyo hakutaka kingine duniani. Waliomjua, kama wangeruhusiwa kumjua, wangekwambia hivyo: hakutaka vito, wala shamba, wala jina. Alitaka Mila amtazame usoni mara moja na amwite mama.

Akamwandikia baba yake amtumie vile vipande vya ngozi. Mzee Gaspari alikuwa na desturi yake: kila mwaka, siku ya kuzaliwa binti yake, alimsimamisha juu ya kipande cha ngozi akauchora mguu wake kwa chaki, na vipande vyote alivitunza, kuanzia wa mwaka mmoja hadi wa miaka kumi na saba. Otilia akaanza kushona viatu. Mila alipotimiza mwaka, alimshonea kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe wa mwaka mmoja. Miaka miwili, wa miaka miwili. Hakuwa na njia nyingine. Aliomba tu mtoto awe amerithi mguu. Baroni alivipokea kwa mkono aliouweka nyuma ya mgongo, na akasema vitafika, bila jina la mtumaji, kwa kuwa mtumaji hayupo.

Dirisha la chumba chake lilielekea kilimani. Asubuhi, upepo ukikaa vizuri, na huu ulikuwa upepo wa kweli, alisikia sauti za wasichana wakihesabu pamoja: moja, mbili, geuka. Moja, mbili, geuka. Na sauti ya mwalimu ikiwasifu. Otilia alifurahi. Alimwambia Bi Agata kwamba wanafundishwa kucheza dansi, kwamba Mila wake anafundishwa kucheza. Bi Agata alijifunika shali, akaendelea kuchana.

Miaka kumi na saba ikapita hivyo, viatu jozi kumi na sita.

Kisha Mfalme akaugua. Nasema mimi, Gazeti la Ufalme halikusema. Gazeti lilisema Mfalme ana afya njema kupita jana, na kesho yake likasema njema kupita jana tena, hata wananchi wenye akili wakaanza kupiga hesabu kwamba kwa mwendo huo atakuwa anaruka kuta. Daktari aliingizwa kwa siri kama mtu wa kucheza naye bao la sataranji, na kwa sababu Mfalme hakuwa mgonjwa, alikatazwa kumpa dawa. Mdogo wake Mfalme, ambaye ndiye angerithi, alianza kujaribu viti.

Otilia alipoona Jumanne mbili zimepita bila kuitwa, akamwita Baroni, akamuuliza kuhusu ahadi. Baroni aliukumbuka ule mchana vizuri sana. Kwa masikitiko, akasema, amepekua majalada, na ahadi ile ilitolewa kwa mtu asiyekuwepo, na ahadi inahitaji pande mbili. Mfalme akifariki, jambo ambalo halitatokea, Mtukufu atachukuliwa na gari la farasi kupelekwa mpakani, kwa mumewe. Kuhusu yatima wa kilimani, hamna uhusiano unaofahamika.

Otilia hakulia mbele yake. Alikaa mezani, akachukua karatasi, akaandika sentensi moja: Ludmila ni binti yangu na wa Otilia Brendeli, na ninaamuru amtazame mama yake. Akaacha nafasi ya saini chini. Kisha akavaa, saa nane na nusu alasiri, akatoka kwenda kwa Mfalme bila kuitwa.

Amri ilikuwa imetolewa na mawaziri wote thelathini na wanne: asipite mtu. Mlango wa kwanza ulikuwa na askari wanne, wa pili sita, wa tatu kumi na nahodha wao, bunduki zimejazwa. Otilia akatokea mwanzo wa ujia. Nahodha alimwona kwa mbali, na hapo ndipo sheria ilipokutana na sheria. Kumzuia alitakiwa amzuie. Lakini ili umzuie mtu lazima kwanza umwone. Mwishowe mazoea ya miaka kumi na minane yakashinda, akageukia ukuta, na askari wa milango yote mitatu wakageuka. Wakasikia mlango unafunguka, wakajifunika shali.

Mfalme alikuwa kitandani, amebaki mifupa na pua, gazeti la siku hiyo kifuani. Akafurahi kumwona. Akamwambia anaendelea vizuri ajabu, asome mwenyewe, imeandikwa. Asubuhi hii tu yuko msituni anawinda. Ni magoti tu ndiyo hayamo gazetini. Otilia akakaa kando yake, akampa karatasi. Aliisoma taratibu, mara mbili.

"Kumbe tuna mtoto?" akauliza.

Miaka kumi na saba. Otilia alidhani Mfalme anajua. Alidhani ananyamaza kwa sababu ya Idara, kama yeye alivyonyamaza, kwamba katika kila habari ya goti kulikuwa na huzuni iliyofichwa. Kumbe hakuambiwa. Haikuandikwa popote, basi angejuaje?

"Anaitwa Mila," alisema. "Ana miaka kumi na saba."

"Wangeniambia, ningempa farasi," Mfalme akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli, mzee wa watu. Akatia saini, akabonyeza pete yake kwenye lakiri ya moto, akaandika na tarehe, tarehe tisa, maana alipenda mambo kamili. Kisha akauliza kama mtoto ana miguu mizuri ya kupandia farasi, na kabla hajajibiwa akasinzia, na kutoka usingizi ule hakuamka tena. Gazeti la kesho yake lilisema amelala vizuri.

Siku nne baadaye, walipokuwa hawana tena la kufanya, walitangaza kifo. Otilia alikuwa ameshapeleka hati yake Idarani. Baroni aliishika nyuma ya mgongo, akaizungusha, akaisoma kwa kutumia kioo kidogo. Alisema anaitambua saini. Pete ni yenyewe. Maneno ni mazuri, mafupi, hayana utata. Tatizo ni tarehe. Tarehe tisa, kwa mujibu wa Gazeti la Ufalme, Mfalme alishinda kutwa katika msitu wa kaskazini, akaua ndege kumi na wanne, na ndege wenyewe walioneshwa wananchi. Sasa mtu aliye msituni atatiaje saini kitandani?

Otilia akamwambia kwamba yeye Baroni anajua kabisa, kama anavyoijua pua yake, kwamba Mfalme alikuwa kitandani anakufa.

"Ninalolijua mimi, Mtukufu, na linalojulikana," Baroni alijibu, "ni idara mbili tofauti."

Halafu Baroni akakohoa, akasema serikali si jiwe. Kabla gari halijaondoka kesho, Mtukufu anaweza kupita ujia wa pili saa nne asubuhi. Binti yule ameshahitimu kule kilimani, wa kwanza katika darasa lake, na anaingia kumhudumia Malkia mpya. Atakuwa ujiani, peke yake. Hakuna askari, hakuna waombaji. Itifaki itazingatiwa. Otilia alisikia mpaka neno peke yake. Mengine hayakuingia masikioni. Alimshukuru. Mpaka leo nikifika hapa nashindwa kusema alimshukuru kwa lipi, lakini alimshukuru.

Alikuwa amebakiza jozi moja, ya kumi na saba, ya ngozi laini ya kahawia, yenye kamba. Akaomba ipelekwe kilimani jioni ile. Ikapelekwa.

Asubuhi Bi Agata alikuja na kitana. Akasimama nyuma yake kama siku zote, ameelekea dirishani, akapapasa, kisha mkono ukasita. Mfalme amekufa, Idara inabadilishwa jina, na kiapo chake kilikuwa kwa Mfalme. Akageuka. Akamzungukia mbele, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama, miaka kumi na minane kwa mara moja. "Mwanangu," akasema, "kumbe umezeeka." Akamchana upya, njia katikati, kila upande sawa, huku analia na Otilia anacheka. Alitaka kusema jambo kuhusu kilimani. Hakuwa na moyo wa kulisema.

Saa nne kamili Otilia akaingia ujia wa pili. Ulikuwa mweupe, mtupu, jua limeingia madirishani. Baroni alikuwa mwisho kabisa, uso ukutani. Na mlango wa pili ukafunguka akaingia msichana mrefu, hatua za kupimwa, kichwa ameinamisha kidogo kama wafanyavyo waliosoma. Otilia alikuwa amepanga maneno tangu usiku wa manane wa mwaka ule walipomchukua. Yote yakampotea. Likabaki moja.

"Mila," alisema.

Msichana akasimama. Kisha akafanya kile alichofundishwa tangu ana miaka mitatu, kila asubuhi, dirisha likiwa wazi. Moja: akakusanya gauni. Mbili: akaweka mguu nyuma. Akageuka. Mgongo umenyooka, shingo imetulia, hakuna hata uzi uliotikisika. Katika miaka kumi na minane ya migongo Otilia hakuwahi kuona kugeuka kuzuri namna ile. Kule mwisho Baroni alikuwa anafuta jicho kwa fahari.

Ndipo akaelewa dansi ile ilikuwa dansi gani.

Halafu msichana, taratibu, akazungumza na ukuta, kwa sauti ambayo Otilia aliijua maana ilikuwa yake mwenyewe ya ujanani. "Kama kuna mtu asiyekuwepo anapita hapa," alisema, "namwomba aniulizie kwa wakubwa mama yangu alikuwa nani. Kuna mtu huniletea viatu. Nadhani yeye angejua."

"Ni mimi," Otilia akasema. "Mila, ni mimi hapa nyuma yako. Geuka, mama, nitazame."

Mikono ya msichana ikapanda mabegani. Akaivuta shali yake, akajifunika vizuri mpaka shingoni, akaendelea kuungojea ukuta umjibu.

Otilia akatazama chini. Msichana alikuwa amevaa vile viatu vya kahawia. Vilimkaa sawasawa, kisiginoni hakuna nafasi hata ya uzi, kidoleni hakubanwa. Mguu ni uleule uliochorwa kwa chaki karakanani kwa Mzee Gaspari. Kamba ya kiatu cha kulia ilikuwa imelegea. Akapiga magoti sakafuni akaifunga, fundo la mafundi wa matandiko lisilofunguka njiani. Mguu ule haukutikisika. Mtu aliyelelewa vizuri hahisi kitu ambacho hakipo.

Saa ikagonga robo. Msichana akauinamia ukuta kwa heshima, akaenda zake, mbele moja kwa moja, bila kugeuka. Nje farasi walikuwa wameshafungwa garini.

Gazeti la Ufalme la siku iliyofuata liliandika, ukurasa wa pili, chini ya bei za kuni, kwamba jana saa nne asubuhi katika ujia wa pili wa kasri hapakutokea jambo lolote. Na mimi, kwa kuwa ni raia mwema wa mahali fulani, naliamini gazeti. Hadithi yangu imefika ukutani. Kama wewe umesikia sauti nyuma yako, jifunike shali.